Njia Mpya ya Kushukia Feri

Sisi wengine njia tunaiona kwa juu, tunapoipita. Phineas Musembi aliiona kwa chini. Alikuwa mkata mawe katika timbo moja nyuma ya Mnarani, na kila alipoinua uso kufuta jasho aliona dari ya jiwe la matumbawe juu ya kichwa chake, na juu ya dari hiyo alisikia baisikeli zikipita. Kengele, cheni, kicheko, kisha vumbi likamwingia machoni. Wakata mawe wa miaka yote hufuata jiwe la chini, kwa kuwa ndilo laini, la juu wakaliacha lining'inie. Pale njia ilipopita, unene wa jiwe lililobaki haukuzidi mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Musembi alilipima mwenyewe kwa mkono wake, akapima tena, akatamani asingepima.

Ulikuwa mwaka wa 1986, na daraja la Kilifi lilikuwa bado maneno tu. Aliyetaka kuvuka alingoja feri, na feri haikumngoja mtu. Kwa hiyo watu wa vijiji vya juu waliteremka alfajiri kwa kasi, breki zimefungwa kwa mpira, mguu mmoja ukiburura chini, wakipita juu ya timbo kwa sababu ndiyo iliyokuwa njia fupi. Miongoni mwao alikuwamo Jedida, binti yake Musembi, msichana wa miaka ishirini aliyekuja kutoka Kitui kukaa na baba yake, akapata kazi ya kubangua korosho kule ng'ambo. Alinunua baisikeli kuukuu, akawa anashuka na wenzake wanne, watano kwa mstari mmoja, kila siku ya kazi, kwenda na kurudi, juu ya jiwe lile lile ambalo baba yake alilijua kwa ndani.

Mtu angefanyaje? Musembi alimwambia msimamizi wa timbo. Msimamizi akasema, "Sisi yetu ni mawe, njia si yetu." Akaenda kwa wakubwa wa njia, wakamwambia aandike barua. Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni, ikapokewa kwa mikono miwili na isisikike tena. Akamwambia rafiki yake Randu, ambaye kila alfajiri alipitisha pale mitungi miwili ya tembo la mnazi nyuma ya baisikeli. Randu ndiye aliyempa chumba miaka kumi na mmoja nyuma, alipofika pwani na sanduku la bati na anwani ya binamu aliyekuwa amekwisha kuhama. Randu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bwana Musembi, babangu alipita hapo, na alikuwa mnene kunishinda."

Basi Musembi akaamua kuichimba njia nyingine yeye mwenyewe.

Alimwendea Mzee Kiponda, mwenye shamba la mikorosho na minazi kando ya timbo, akamwomba pembe ya shamba lake. Mzee Kiponda alikuwa mtu mkavu, wa maneno machache. "Pitisha," alisema. "Mikorosho yangu haitembei, haitagongwa."

Kuanzia Januari, kila alipotoka timboni, Musembi alishika jembe mpaka giza. Jumamosi alishinda huko, na Jumapili akitoka kanisani alivua koti, akalitundika kwenye tawi, akaendelea. Alifanya kama walivyofanya kwao, ambako mtu asipouzuia mteremko mvua humhamisha shamba lake. Hakuipeleka njia moja kwa moja chini kama waliotangulia. Aliizungusha kufuata kiuno cha kilima, akipima usawa kwa chupa iliyojaa maji nusu aliyoifunga kwenye mti mrefu. Alichimba mitaro, udongo akautupa upande wa juu, yale matuta ya fanya juu aliyofundishwa utotoni, akapanga mawe kila mahali ambapo maji yangetaka kujifanya mwenye njia. Kona zote aliziinamisha ndani kidogo ili gurudumu lijishike lenyewe. Baada ya wiki saba ilikuwa imekwisha, hatua mia tisa badala ya mia sita, na hakuna hata moja iliyokaribia timbo.

Jedida ndiye aliyeijaribu kwanza, jioni moja, baba yake akimfuata mbio kwa nyuma. Alifika chini anacheka. "Baba, hata breki sikushika!"

Musembi alifurahi siku hiyo kuliko siku aliyonunua baisikeli yake ya kwanza. Na furaha ndiyo iliyomponza, maana alitaka kuikamilisha kazi yake. Njia mpya ilikatana na vijia vya mbuzi mahali kumi na moja, na alfajiri ukungu ukiwapo mtu angeweza kupotea. Rangi hakuwa nayo. Lakini zamani aliwahi kufanya kibarua cha barabara, na alijua kwamba barabarani kitambaa chekundu ni alama ya kazi. Akapasua shuka lake jekundu lililozeeka. Kwenye kila mti wa njia panda akafunga ukuti mchanga wa mnazi kwa fundo, na ndani ya fundo akabana kipande cha kitambaa chekundu. Miti kumi na mmoja, mafundo kumi na moja, katika shamba la mikorosho la mtu mwingine.

Msomaji wa pwani amekwisha kushika kichwa. Heri angeandika jina lake kwa mkaa kwenye kila mti na chini yake "mchawi". Ukuti uliofungwa fundo mtini, na kitambaa chekundu ndani yake, ni kago. Ni ulinzi uliowekwa na mganga, na anayepita bila ruhusa huvimba tumbo, au hupotewa na akili, au huondoka tu duniani. Mtoto wa miaka minne wa vijiji vile anajua kulizunguka. Musembi alikuwa amekaa pwani miaka kumi na mmoja, lakini aliikaa timboni na kanisani, na huko hakuna minazi.

Asubuhi yake alisimama mwanzo wa njia mpya kama bwana harusi. Randu akaja na mitungi yake.

"Hongera kwa kazi, Bwana Musembi. Kazi ya mwanamume kabisa."

"Asante, ndugu yangu. Utapita?"

Randu akaangalia ule mti wa kwanza, akaangalia gurudumu lake. "Kesho, Mungu akipenda," akasema, akaiteremkia njia ya zamani.

Wote walisema kesho. Wasichana wa korosho walimwamkia shikamoo kwa heshima zote, wakapita juu ya timbo. Watu wa pwani wana adabu, na mimi siku nyingine adabu hiyo hunitia hasira. Nani angemwambia mtu mzima usoni, tena rafiki, kwamba amelaza uchawi njiani? Walimwonea haya, wakamnyamazia. Naye Musembi, kwa upande wake, alikuwa na kiburi cha mtu aliyefanya kazi nzuri. Angeuliza mara moja tu, kuuliza si ujinga, lakini alijiambia kwamba wanamdharau kwa kuwa ni mtu wa bara, akafunga mdomo. Usiku akakata miiba, akaziba njia ya zamani. Asubuhi aliikuta miiba imesogezwa kando, imepangwa vizuri, hakuna hata tawi moja lililovunjika.

Jedida alipita njia mpya siku mbili peke yake, ya tatu akarudi kwa wenzake.

"Kwa nini?" baba yake akamuuliza.

"Alfajiri, Baba, kwenye mikorosho, peke yangu? Naogopa."

Akamsindikiza. Wiki nzima mtu wa miaka arobaini na sita alikimbia nyuma ya baisikeli kutoka juu hadi chini, akahema, akapanda tena kwenda timboni. Wale wasichana wengine walikuwa wakimngoja Jedida kwenye feri wakicheka viganjani. Jumatatu iliyofuata Jedida akasema, kwa upole, kwamba asisumbuke tena.

Aliyemfumbua macho hakuwa mwenyeji wa hapo. Ni Hafidha, au Mama Zein, mama mmoja wa Kibajuni kutoka Faza, aliyeuza mahamri na mbaazi penye kituo cha feri. Mwanzoni mwa Aprili Musembi alikuwa amekaa kwenye benchi lake akilalamika, na Hafidha akaacha kukaanga.

"Baba Jedida, nikwambie neno, hutokasirika?"

"Niambie, Mama Zein."

"Wale watu hawakudharau. Wakuogopa. Umeweka kago shamba zima, kisha wawaambia wapite. Wallahi hata mimi singepita."

Alieleza yote, taratibu, kama anavyoelezwa mtu habari za msiba. Musembi aliacha chai yake ikiwa nusu, akapanda kilima mbio, akayakata mafundo yote kumi na moja kwa panga, akayachoma moto. Aibu ilimwunguza zaidi ya huo moto. Hata hivyo kulikuwa na faraja ndani yake: kumbe ni hilo tu, na sasa limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Kesho yake hakuna aliyepita, wala kesho kutwa. Alimwendea Mzee Kiponda, akamkuta anasuka kamba.

"Nimeyatoa, mzee. Yote. Wameona nimeyatoa."

"Wameona umeyakata," alisema Mzee Kiponda. "Kago halifunguliwi kwa panga. Aliyelifunga analifungua kwa kinywa chake, mbele ya watu. Anasema, nililifunga mimi, nalifungua mimi. Maji, kuku mmoja, watu wanapita. Sasa hivi umekata kamba na kuliacha lenyewe linazurura. Ni baya kuliko lilivyokuwa."

"Lakini halikuwa kago! Ilikuwa alama."

"Sawa."

"Nikisema nililifunga, nitakuwa nimesema mimi ni mchawi. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Utakuwa umesema ulilifunga," alisema Mzee Kiponda, akarudia kamba yake.

Musembi alikataa. Mchungaji alimuunga mkono, akamwambia Mkristo hainamii kuku. Badala yake alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza ukweli, kwamba kilikuwa kitambaa tu, shuka lake mwenyewe, kwamba barabarani ndivyo wafanyavyo. Nao walikubaliana naye. Naam, alama tu. Tumesikia, Bwana Musembi, ni alama. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kukubali, na kadiri walivyokubali ndivyo walivyozidi kupita juu ya timbo. Alimwomba Jedida awaeleze wenzake.

"Nimewaeleza, Baba. Wanasema, mtoto atasema nini juu ya babake?"

Mvua za masika zikaanza. Musembi aliitunza njia yake kama kawaida, akizibua mitaro, akiinua mawe yaliyolegea, akifagia majani. Haikuharibika hata kidogo. Maji yalitii kila alichoyaambia. Ilikuwa njia nzuri kuliko zote kutoka Mnarani hadi Ngomeni, na aliyeipita ni yeye na mbuzi. Mchana, chini ya dari ya timbo, alianza kuona matone yakipenya mahali ambapo hayakuwahi kupenya. Akimwonyesha msimamizi, msimamizi alisogeza watu wakate upande mwingine. Hakuna zaidi lililofanyika, na hakuna zaidi aliloweza. Alilala kwa taabu, na Jedida alipotoka alfajiri alimsikiliza mpaka kengele ya baisikeli ikapotea.

Alhamisi moja ya Mei aliwatangulia wakata mawe wenzake kazini, Jedida akiwa ameshatoka. Alipofika timboni aliona mbingu mahali palipokuwa na dari.

Randu alikuwa amelala katikati ya mawe, baisikeli imejikunja chini yake, na timbo zima lilinuka tembo. Alikuwa hai, macho yake yanaona, lakini miguu alikuwa hana habari nayo. Musembi alimshika mkono, akapiga kelele mpaka watu wakaja na mlango wa kumbebea. Walipokwisha kumpandisha, akapanda juu kutazama. Katika udongo uliolowa, mbali na mchirizi wa Randu, kulikuwa na michirizi mitano ya matairi, myembamba, ikishuka kwa mstari mmoja mpaka ukingoni. Ng'ambo ya shimo iliendelea ile ile mitano, ikaelekea feri. Jedida alikuwa amepita hapo, pengine si zaidi ya robo saa kabla. Musembi alikaa chini kwenye tope, akalia kama mtoto, na hakujua analia kwa ajili ya nani.

Randu alifariki siku ya pili, hospitali ya ng'ambo.

Mtu angedhani shimo litawafundisha watu njia. Wapi! Walisogea hatua mbili kutoka ukingoni, wakafanya mkondo mpya wa magurudumu, na Musembi aliyelijua timbo kwa ndani alijua kwamba hapo nako chini ni tupu. Na matangani neno lilikuwa moja. Randu ndiye aliyeisogeza ile miiba. Lile kago lililokatwa lilikuwa linazurura, limepata mtu wake. Kabla ya msiba walimwogopa Musembi kwa adabu. Sasa watoto waliitwa ndani alipopita. Jedida bado alishuka na wenzake alfajiri, kwenye mkondo ule mpya, kwa kuwa kazi ni kazi. Baba yake alimkataza, akamfungia baisikeli kwa mnyororo. Jedida akatoka kwa miguu, akapita pale pale, na jioni akamwambia, "Usinifanye niwe peke yangu hapa, Baba."

Usiku huo Musembi alikwenda kwa Mzee Kiponda. Hakubishana tena.

Walikutana Jumatatu alfajiri, kabla ya feri ya kwanza, mwanzo wa njia mpya. Watu walikuwa wengi, wamezishika baisikeli zao. Kulikuwa na maji kwenye kata na kuku mweupe aliyefungwa miguu. Mama yake Randu aliketi kwenye kigoda, amejifunga kaniki. Wazee wawili wa kanisa walisimama mbali kidogo, wakitazama, na Musembi aliwaona.

Alishika kata. Sauti ilimtoka ndogo. "Nililifunga mimi, Phineas Musembi. Nalifungua mimi." Akamwaga maji njiani, kama alivyoelekezwa, na watu wakaguna pamoja. Alidhani imekwisha.

Mama yake Randu akainua mkono.

"Nina swali langu," alisema. "Siku ile aliyokwenda mwanangu, lilikuwa limefungwa, au halikuwapo?"

Musembi alimtazama Mzee Kiponda, na Mzee Kiponda alitazama chini. Swali lilikuwa rahisi kuliko yote aliyowahi kuulizwa. Akisema halikuwahi kuwapo, basi amewachezea maji na kuku, na asubuhi hii hii wataenda zao juu ya timbo. Akisema lilikuwapo, watapita hapa. Aliwatafuta wale wasichana watano. Jedida alikuwa wa mwisho, amesimama kando ya usukani wake, uso umemwelekea baba yake, anamngoja aseme kweli.

"Lilikuwa limefungwa, mama," alisema Musembi.

Mama yake Randu hakupiga kelele. Alitikisa kichwa mara mbili tatu, kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiijua, akajifunika uso kwa kaniki. Wale wazee wa kanisa waligeuka, wakaondoka. Ndipo mtu mmoja akapanda baisikeli, akaingia njia mpya, na mwingine nyuma yake, na mwingine. Walipita karibu kabisa na Musembi, na hakuna aliyemsalimu. Kona ya kwanza waliichukua vizuri, bila kushika breki.

Wasichana wanne wakapita. Jedida alifika mbele yake akasimama.

"Baba," alisema kwa Kikamba, polepole. "Ni kweli?"

Nyuma yake foleni ilikuwa bado ndefu. Wote walikuwa wanatazama mdomo wa Musembi.

"Pita, mwanangu," Musembi alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika na wote. "Feri itakuacha."